Miti Mitatu Langoni

Ukimkuta Bu Malsun hana hasira, ujue amelala. Ndivyo tulivyokuwa tukisema kijijini, naye alijua tunavyosema, na hilo nalo lilimkasirisha.

Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Kila mwaka nyasi za mlimani zikishakauka alizikata, akazibeba mgongoni mpaka uwanjani kwake, akasokota kamba nene kama kidole gumba cha mwanamume. Kamba hizo tulizipitisha juu ya mapaa yetu, zikaenda na kurudi na kukatizana kama wavu, ncha zake tukazikaza kwenye boriti chini ya ukingo wa paa. Huku kisiwani Jeju nyumba ya nyasi isiyofungwa kamba ni kofia isiyofungwa kidevuni. Upepo hautabisha hodi kabla ya kuivua.

Mumewe, Kang Bongho, aliuawa na mti wa lango.

Lango la kila nyumba yetu lina nguzo mbili za mawe, na kila nguzo ina matundu matatu. Miti mitatu hupita katikati. Ukiona mti mmoja umepitishwa, mwenyewe yuko jirani, atarudi sasa hivi. Miwili, atarudi jioni. Mitatu, amekwenda mbali na nyumba haina mtu, usijisumbue kuita. Na ukikuta yote imelazwa chini, karibu, tumo ndani. Hatuna kufuli. Miti hiyo ndiyo inayosema na wapitaji, na mtoto wa kwetu huijua kabla hajajua kuhesabu.

Siku ya tufani ile ya zamani jirani yao alikuwamo ndani, kwa hiyo miti yake ilikuwa imelazwa chini. Bongho alitoka kumwingiza ng'ombe zizini. Upepo ukaunyanyua mti mmoja ukaurusha juu ya ukuta, ukamkuta Bongho kwenye upande wa paji la uso. Alianguka na kamba ya ng'ombe mkononi.

Malsun alinisimulia mara moja tu, tukipalilia viazi vitamu. Hakuinua kichwa.

"Baada ya maziko nilikwenda kwa yule jirani. Nikauchukua ule mti nikauweka gotini. Mwepesi! Nimeubeba huku na huku, haukuniachia hata alama. Nikajiuliza, basi ule uzito uliomvunja mume wangu ulitoka wapi?"

"Ni upepo, Shangazi."

"Ni mwendo! Kitu kimetulia, ni takataka. Kipe mwendo, ni shoka. Na watu wa hapa wanaacha takataka uani kana kwamba zitatulia hadi siku ya kiama."

Tangu msiba huo, kila tangazo la tufani liliposikika alizunguka kijiji kizima na mzigo wa kamba begani. Alifunga ndoo zetu. Alifunga matenga, ngazi, majembe, vifuniko vya mitungi ya maharagwe ya kuchacha. Usipokuwapo aliingia na kufunga. Ukiwapo, alifunga huku akikutukana. Vijana walipomwona anakuja walipiga kelele, "Mficheni mbwa, Bibi Kamba anapita!" Naye aliwajibu, "Mbwa ana akili, atajificha mwenyewe. Ninyi ndio wa kufungwa!"

Kisha yakaja mabati.

Amri ilitoka juu: nyasi ziondoke, kila nyumba iezekwe upya. Mwenyekiti wetu, Hyeon Taekjin, alituita uwanjani kwake, mabati yamepangwa nyuma yake yaking'aa mpaka yanaumiza macho. Akatueleza jinsi tutakavyoishi. Hakuna kuvuja tena, hakuna kubadilisha nyasi kila baada ya mwaka, hakuna mende.

"Na kamba?" mtu akauliza.

"Kamba za nini? Bati lina misumari." Akamtupia Malsun jicho. "Najua kuna mmoja hapa hatapenda. Shangazi, usihuzunike, tutakutafutia kazi nyingine. Hata mbuzi wanahitaji kamba."

Watu wakacheka. Malsun alitoka katikati ya watu, akaokota kipande cha bati kilichokatwa, kidogo kama kiganja, akakiweka taratibu juu ya mkono wa Mwenyekiti.

"Kinauma?"

"Hapana."

"Kina uzito?"

"Shangazi, tuna kazi za kufanya."

Malsun alirudi nyuma, akageuka, akakirusha kile kipande kwa nguvu zake zote ukutani, mahali ambapo mke wa Mwenyekiti alikuwa ameanika maboga yake. Kikazama katika boga kubwa kuliko yote, nusu ndani, nusu nje.

"Boga langu!" akalia mke wa Mwenyekiti. "Boga langu la sikukuu, jamani!"

"Ni kipande kilekile," Malsun akasema. "Sikukiongezea kitu ila mwendo. Na aliyetupa ni ajuza mwenye maumivu ya bega. Sasa chukueni bati zima, mumpe tufani alirushe. Nyasi ikikupiga usoni utapiga chafya. Hili likikupiga watakuokota vipande viwili!"

Watu wakalitazama boga. Kisha Mwenyekiti akasema, "Basi tutatumia misumari mirefu," na watu wakacheka tena, maana ni raha kucheka ukishaogopa.

Nami niliezeka mabati kama wengine. Mume wangu alikuwa kazini Busan, ng'ambo ya bahari, mimi peke yangu nilikuwa nimechoka kupanda juu ya paa. Mama mkwe tu ndiye aliyekataa. Alikaa kwenye nyumba yake ndogo, ng'ambo ya uwanja uleule, na alipopata habari ya mabati alisema, "Nimezaliwa chini ya nyasi, nitafia chini ya nyasi," na kwa kuwa alikuwa kiziwi hakusikia mtu yeyote akimbishia. Paa lake likabaki na kamba za Malsun.

Msimu wa vuli uliofuata, siku chache kabla ya sikukuu ya mavuno, nilikwenda mjini kununua samaki na matunda ya tambiko. Redio ilisema tufani itapita mbali, baharini, huenda isitufikie kabisa. Nilimwacha Okhui, binti yangu, kwa bibi yake. Alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Miti ya lango niliilaza chini, kwa sababu watu walikuwamo.

Njiani nilikutana na Malsun, kamba begani.

"Umeacha beseni nje," akaniambia, hata salamu hakuna.

"Mama mkwe ataliingiza."

"Mama mkwe wako hasikii hata radi. Ataliingiza likishafika Busan kwa mumeo?"

"Redio imesema inapita mbali, Shangazi."

"Redio haijawahi kuishi hapa."

Nilimwacha anaongea. Nilikuwa na haraka, na mtu hawezi kila siku kuamka na matusi ya yule mwanamke.

Redio ilikosea. Nilipokuwa sokoni mbingu iligeuka rangi ya chungu kilichoungua, na basi nililopanda kurudi lilikomea njia panda kwa sababu mti mkubwa ulikuwa umelala barabarani. Dereva alituambia tukae ndani. Nilishuka. Mtu mwenye mtoto mdogo nyumbani haambiwi kaa.

Nilitembea nimeinama, nimeshika kuta za mashamba. Kuta zetu ni za mawe meusi yaliyopangwa bila kuzibwa, zimejaa matundu, na siku hiyo zilipiga mluzi kila upande. Upepo ulipita humo ukatoka umevunjika nguvu, na chini ya ukuta mtu aliweza kupumua. Penye mwanya nilitambaa. Samaki walinitoka mkononi na sikuwafuata. Tenga la mtu lilinipita juu ya kichwa. Kisha likanipita beseni, likiwahi kuliko mimi, na sikujua kama ni langu.

Wanakijiji niliwakuta ghalani. Ni ghala la mawe la kuhifadhia viazi, na Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa akiyaogopa mabati yake mwenyewe, alikuwa amepita na vijana nyumba kwa nyumba akiwakusanya watu humo. Jambo hilo halikuwahi kufanyika kabla. Tulipokuwa na nyasi kila mtu alijifungia kwake.

Nilitazama uso mmoja mmoja. Nikatazama tena.

"Okhui yuko wapi?"

Nikamgeukia Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mtoto wangu yuko wapi? Na mama?"

"Si mmekwenda wote mjini?" akasema.

"Nani amekwambia?"

"Lango lako limeniambia! Miti yote mitatu ilikuwa imepitishwa. Tulipita pale mimi na vijana, tukasema Mama Okhui amekwenda kwao na mtoto na mkwewe kwa ajili ya sikukuu. Waulize!"

"Ni kweli, dada," kijana mmoja akasema. "Mitatu. Tena imekazwa."

Imekazwa. Niligeuka, na wala sikuhitaji kumtafuta. Malsun alikuwa amesimama penye magunia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona uso wake hauna hasira. Ulikuwa mtupu kama sahani.

"Nimeifunga mimi," akasema.

"Watu wamo ndani!"

"Ilikuwa imelala chini, upepo umekwisha kuanza kuiviringisha. Nguzo za mawe ndizo imara kuliko kitu chochote pale uani. Niliipitisha kwenye matundu nikaikaza. Ingeruka, Mama Okhui. Ingeruka."

Nilimshika kola. Sikumbuki kuvuka ghala. Nakumbuka kola mkononi, na jasho lake. "Unajua miti mitatu inasema nini! Kila mtu anajua! Umewaambia watu kwamba mwanangu hayupo!"

"Sikuwaza maneno," akasema. "Mimi naona miti tu."

Nimeyarudia maneno yale kichwani miaka mingi, na bado yananiwasha. Kwetu sisi ile miti ilikuwa maneno. Kwake, tangu Bongho alipoanguka, haikuwa maneno tena. Ilikuwa vitu vinavyongoja kurushwa.

"Tungojeni upepo upungue," Mwenyekiti akasema. "Nje mabati yameanza kung'oka. Atakayetoka sasa…"

"Ulitwambia nini kuhusu misumari?" nikamwuliza. "Hebu sema tena, tucheke."

Malsun alikuwa amekwisha fungua mlango.

Tulikwenda wawili. Alitangulia, nami nikamfuata visigino vyake, matumbo yetu chini ya ukuta kama mijusi. Nilimtukana njia nzima. Nilimwita majina ambayo sijayatamka tena. Upepo uliyachukua yote na sidhani alisikia hata moja, na hilo nalo lilinikasirisha.

Lango letu lilikuwa vilevile walivyosema. Miti mitatu, imenyooka, imekazwa kwa kamba yake nzuri, fundo juu ya fundo. Ng'ambo yake niliona nyumba yangu. Pembe ya paa ilikuwa imefunuka na bati lilikuwa likijipiga, linainuka na kushuka. Lingine halikuwapo tena. Hilo lilikuwa limevuka uwanja na kujichomeka katika mlango wa mama mkwe, kama kile kipande katika boga.

Nilipita chini ya miti, nikitambaa. Malsun alibaki langoni. "Mkweo hawezi kuinama," akapiga kelele, na ilikuwa kweli, mgongo wa mama ulikuwa umekauka kama ubao. "Walete! Nafungua!"

"Kata!"

"Sina kisu!"

Ajabu ya mwanamke huyu. Amebeba kamba maisha yake yote na hana kisu, kwa sababu kamba alikuwa haikati kamwe, alikuwa akiifungua ili itumike tena.

Kwenye mlango wa mama niliingilia pembeni mwa lile bati, likanichana mkono na sikujua mpaka baadaye. Mama alikuwa ameketi pembe ya mbali, amemfunika Okhui kwa blanketi mbili. Kamba za juu zilikuwa zikilia, lakini paa halikuwa limesogea hata unyasi. Mama alinitazama.

"Umerudi? Samaki umepata?"

"Inuka, mama! Tunaondoka!"

"Watu wamerusha bati mlangoni," akasema, amekasirika. "Watoto wa siku hizi hawana adabu kabisa."

Ningewaacha pale kama si ule mlango. Paa lingestahimili, lakini mabati ya nyumba yangu yalikuwa yakitazamana nao, na kila moja lingekuja njia ileile ya mwenzake. Nilimfunga Okhui mgongoni kwa mkanda wa blanketi, nikamkumbatia mama kiunoni, tukatoka tukisuguana na ukuta.

Malsun alikuwa amefungua miti miwili. Ule wa tatu, wa juu, bado. Maji yalikuwa yameingia katika kamba na fundo lilikuwa limejaa na kuwa jiwe. Alikuwa akilivuta kwa vidole na kwa meno. Nilimwona akiinua macho na kutazama nyuma yangu, juu.

"Chini!"

Nilimvuta mama tukaanguka matopeni. Kilichopita juu yetu sikukiona. Nilikisikia, sauti kama kitambaa kikubwa kinapochanwa. Kisha mlio wa chuma na jiwe. Nilipoinua kichwa, bati lilikuwa limejikunja kwenye nguzo ya lango na mti wa juu ulikuwa umeanguka chini. Malsun alikuwa amesimama palepale. Hakuwa ameachia fundo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba, na kidole cha pembeni yake, na damu.

Hakulia. Alilitazama lile bati. "Mbwa wewe," akaliambia. Kisha akatuambia sisi, "Piteni basi! Mnangoja karamu?"

Okhui hakupata hata mchubuko. Usiniambie nishukuru, nimeshukuru kila siku, lakini shukrani haizimi moto mwingine.

Upepo ulipotulia tulikuta paa langu lote katika shamba la Mwenyekiti, katikati ya viazi vyake. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imesimama, kamba zake zimelegea kidogo upande mmoja. Mwenyekiti alikuja kutazama. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kisha akasema, "Nadhani ni fundi. Misumari ilikuwa mifupi."

Mama mkwe, ambaye hasikii radi, alilisikia hilo. Akachukua ufagio akamfukuza mpaka barabarani.

Mkono wa Malsun ulipona, lakini kusokota kulikwisha. Kamba inataka vidole vyote. Kinachokaza ni vile vitatu vya mwisho, ndivyo alivyokuwa akisema, na ndivyo vilivyokwenda. Mwenyekiti alimpelekea samaki na wali mweupe. Malsun alisimama langoni pake, miti yake imelala chini, maana yake karibu, akasema, "Rudisha. Kale na boga lako." Mwenyekiti akaviacha juu ya ukuta, na Malsun akaviacha hapohapo mpaka paka wakala.

Chakula changu alikipokea. Nilimpelekea asubuhi uji wa shayiri na jioni kabichi ya pilipili, nikakiweka ukumbini, na mara nyingi hatukusemeshana. Wanawake kisimani walinigawa vipande viwili. Wengine waliniambia, "Yule ametoa mkono kwa ajili ya mwanao, mbona humkumbatii?" Wengine wakasema, "Yule angekuulia mtoto, mbona unamlisha?" Niliwajibu wote kwa jibu moja, kwamba wachote maji waende zao. Hasira yangu na chakula changu vilitoka katika chungu kimoja na sikuwa na njia ya kuvitenganisha.

Okhui sasa ni msichana mkubwa, ana ulimi kama wa bibi yake. Nyumba yangu ina mabati bado, ila nimepitisha kamba juu yake, na nusu ya kijiji wamefanya hivyo hivyo. Mapaa yetu yanaonekana kama mizigo iliyofungwa vibaya. Watalii wanapiga picha.

Juzi redio ilisema tufani itapita mbali. Nilikuwa ndani nikikatakata figili, mama mkwe amelala. Nikasikia nyayo zikisimama langoni, na nikajua ni nani, kwa sababu hakuna mwingine anayepumua kwa hasira namna ile.

"Mko ndani?"

Miti ilikuwa imelala chini, kila mtu mwenye macho aliiona. Lakini tangu siku ile haigusi miti ya mtu kabla ya kusikia sauti.

"Nauliza mko ndani! Jibuni!"

Sikujibu. Nasema kweli, nilinyamaza makusudi, kisu mkononi, ili na yeye angoje kidogo, aonje kidogo. Upepo ulikuwa umeanza kupiga mluzi katika matundu ya ukuta. Nilisikia sauti yake ikipanda, na safari hii ilipasuka katikati.

"Mama Okhui! Okhui!"

"Tumo, Shangazi," nikasema. "Sote tumo."

Kisha nikasikia mti wa kwanza ukiburutwa. Alikuwa akiuingiza uani kwa mkono wa kushoto, aupeleke chini ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa ya ukumbi, mahali ambapo upepo haufiki na mti hausemi lolote kwa mpita njia. Akarudi kuchukua wa pili.

"Na hili beseni," akapiga kelele, "mnangoja liote mabawa?"

"Okhui," nikamwambia binti yangu, "nenda ukachukue beseni kabla sijapasuka."

Akaenda. Niliwasikia wakigombana mpaka mti wa tatu ulipoingia.